Nyumba Isiyo na Mlango

Nilianza kuutilia shaka mkutano ule kwa sababu ya viti. Sisi Wabajuni wa Kismayo, tukiitwa mahali tuambiwe jambo, hukaa majamvini na wanaochelewa husimama. Safari hii darasa zima la shule tulipoitwa lilipangwa viti vipya vya plastiki, vingine miguu bado imefungwa nailoni, na juu ya kila kiti chupa ya maji. Niliwahi kukusanya habari kwa redio moja ya mjini, na kazi ile iliniachia tabia moja: nikipewa nisichokiomba, humtafuta kwanza aliyekilipia.

Tuliitwa kufafanuliwa mabadiliko ya katiba ya jimbo kabla ya kuyapigia kura. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alikaa safu ya mbele kwa sababu masikio yake yamezeeka. Nilikaa pembeni yake. Mfafanuzi alikuwa mtoto wa amu yangu. Kazi ile aliipata kwa kuwa anakijua Kisomali cha ofisini na Kibajuni cha nyumbani, na watu wanaojua vyote viwili vizuri si wengi. Nyuma yake walikaa wakubwa wawili ambao hawakutuambia neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Alisoma mapendekezo moja baada ya jingine. Muda wa baraza kuongezwa. Viti vya wilaya kugawanywa upya. Halafu kifungu cha ardhi, ambacho alikisoma mbio kuliko vingine: ardhi ya pwani na ya visiwani isiyokaliwa itakuwa mikononi mwa jimbo, nalo litaipangia matumizi. Yote hayo yalikuwa katika kura moja. Ukilitaka moja, umeyataka yote. Ndiyo ilichorwa samaki na Hapana ikachorwa kandili, na mabango yaliyobandikwa ukutani yote yalikuwa ya samaki.

Shangazi aliinua mkono.

"Nyumba isiyokaliwa mtaijuaje?"

"Timu itapita, eedo," alijibu mtoto wa amu. Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Nyumbani hakuwahi kumwita hivyo. "Nyumba ikiwa na mlango na dalili ya watu, hiyo ina wenyewe. Ikiwa wazi tu, hiyo ni gofu."

"Mlango," alisema shangazi.

"Haye. Mlango."

Mama mmoja nyuma yetu alikuwa akilitazama bango. "Samaki mimi namla," alisema kwa sauti ya kusikika. "Simpigii kura." Watu wakacheka, na mtoto wa amu akacheka nao, ila wale wakubwa wawili waliinama wakamuuliza ni nini kilichosemwa. Sijui aliwatafsiria nini.

Shangazi hakucheka. Nilijua kwa nini, na ni lazima nieleze, kwa sababu asiyetoka visiwani ataona jambo dogo.

Visiwani kwetu mawe ya nyumba hupatikana papo hapo, chokaa huchomwa papo hapo, makuti hukatwa. Mbao nzuri hutoka mbali. Kwa hiyo familia ikiondoka kwa muda mrefu, iwe ni kufuata samaki au kumpeleka mgonjwa Kismayo, huung'oa mlango na kwenda nao. Nyumba huachwa wazi. Wala hakuna anayeingia, kwa kuwa uwazi ule unamwambia kila mpitaji kwamba mwenyewe ameondoka na mlango wake na atarudi kuutia. Nyumba iliyoachwa na mlango wake ndiyo ambayo watu huulizana kama imehamwa moja kwa moja.

Mwaka wa tisini na moja, tulipokikimbia kisiwa chetu cha Chula, mimi nikiwa mtoto, nilimwona babu akiung'oa mlango huku wenzake wakimhimiza apande boti. Ulikwenda nasi hadi Kenya. Kambini ulikuwa kitanda cha nyanya. Mombasa ulikuwa meza ya kukandia unga. Wajomba na binamu walipotawanyika, wengine hadi Ulaya, shangazi aliubakisha kwake, na aliporudi Kismayo alirudi nao. Sasa uko chumbani mwake, umewekwa juu ya matofali na godoro juu yake. Hana kingine cha nyumba ile. Tangu arudi, anachokitaka ni kimoja: kwenda kuishi katika nyumba ya baba yake kabla hajafa. Usalama ulikuwa bado, kisha afya ikawa bado, kisha nauli.

Tulipotoka mkutanoni aliniambia, "Tulidhani tunaiwekea alama nyumba. Kumbe tulikuwa tunawatolea wao gofu."

Kesho yake alasiri mtoto wa amu alikuja kwetu na mfuko wa halua. Alimkuta shangazi amelitoa godoro na anaupangusa mlango.

"Shangazi, unafanya nini?" Siku hiyo alikuwa shangazi tena.

"Naupeleka kwao."

"Hakuna haja ya kusumbuka. Nyumba yako mimi naishughulikia."

"Unaishughulikiaje?"

"We niachie mimi. Piga kura yako, kaa upumzike."

Alipoona haachi kupangusa, alisema kuna boti ya wafafanuzi inayoshuka visiwani, na angeweza kumwombea nafasi, yeye na mlango wake. Nilimsindikiza nje. Nilimuuliza kwa nini dakika ile alikuwa akimzuia na dakika hii anampa boti. Alisema, "Redio yako ilifungwa, lakini wewe hukuacha kazi." Hilo halikuwa jibu.

Nilirudi ndani nikamwambia shangazi kwamba simwamini.

"Nani kakwambia mimi namwamini?" alisema. "Boti naipanda. Yeye nitamtazama nikiwa huko huko."

Mlango ulilazwa katikati ya boti ya mashine na abiria wakakaa juu yake, kwa kuwa ndipo palipokuwa pakavu. Bunda la mabango ya samaki lilifunikwa turubai. Mtoto wa amu alizungumza na kila mtu hadi tulipokipita kisiwa cha Ngumi. Baada ya hapo alikaa mkono mfukoni, kama mtu anayekishika kitu kisidondoke.

Chula tulipokewa na jirani wa shangazi wa zamani, mama ambaye alirudi kisiwani kabla ya wengine na ndiye aliyekuwa akitupa habari za huko. Walishikana mikono muda mrefu. Mama yule alimtazama mtoto wa amu, akautazama mlango, akasema tu, "Twendeni mkaone."

Nyumba ya babu ilikuwa imesimama, kuta zote nne, bila paa. Na ilikuwa na mlango. Mlango mpya wa mbao nyepesi, umepakwa rangi ya buluu, umepigiliwa bawaba kwa nje, na kufuli.

Shangazi aliuzunguka ukuta kwa nje. Alirudi akasimama mbele ya mlango.

"Paa hamna, mlango mmefunga," alisema. "Mmelifungia jua lisitoke?"

"Nilitaka iwe furaha, shangazi," alisema mtoto wa amu. Aliutoa mkono mfukoni. Alikuwa na ufunguo. "Nilijua timu itapita. Nikasema, nyumba ya shangazi isihesabiwe gofu. Huu, chukua."

Hakuuchukua. "Kufuli la dukani halina ufunguo mmoja. Mwenzake uko wapi?"

"Umebaki mjini."

"Kwa nani?"

"Ofisini. Ni akiba tu, shangazi."

Mama jirani alikuwa amejishika kiuno. "Walikuja wachu na boti," alisema, yaani watu, "wakagonga misumari. Nikawauliza, nyumba hizi za nani sasa? Wakanambia, za wenyewe. Nikawauliza, wenyewe gani? Wakanipa sukari."

Neno lililonishtua lilikuwa nyumba hizi. Niliwaacha hapo nikazunguka mji. Milango ya buluu ilikuwa mingi, yote ya mbao zile zile na misumari ile ile, kwa hiyo fundi alikuwa mmoja na mlipaji mmoja. Kisha nikaona kitu kingine. Ilikuwa kwenye safu ya mbele tu, inayotazama mahali boti hutia nanga vizuri. Nyumba za nyuma, ambazo zina wenyewe kama hizo na zimeachwa wazi kama hizo, hakuna aliyezitia hata ubao. Kama kusudi lilikuwa kuwaokolea watu nyumba zao, huruma ile ilikuwa imechagua mandhari.

Niliporudi nilimwambia mtoto wa amu nilichokiona. Hakukasirika. Alinijibu polepole, kwa Kibajuni, akiwaangalia wenzake wa boti waliokuwa wakibandika mabango mbali kidogo.

"Mimi waliniambia nionyeshe nyumba za jamaa zangu. Nikawaonyesha. Za wengine sikuulizwa."

"Na wao waliniambia wewe ndiye uliyewaonyesha zote," alisema mama jirani.

"Nani alisema?"

"Aliyenipa sukari."

Mpaka leo sijui kati ya hao wawili nani alisema kweli. Nimelipima neno la kila mmoja kama nilivyozoea kupima habari, na kila nikilipima linaelemea upande mwingine. Huenda alimtakia mema shangazi yake na wakubwa wake wakamtumia. Huenda alijua tangu mwanzo. Huenda yote mawili.

Shangazi hakutaka kujua. Aliomba nyundo.

Mtoto wa amu alimwambia angoje, afungue kwanza kwa ufunguo, ndipo mlango ushushwe vizuri. Shangazi akasema ufunguo ule arudi nao. Ziling'olewa bawaba, ikang'olewa pete iliyoshika kufuli kwenye mwimo, na mlango wa buluu ukashuka mzima, kufuli lake lingali limefungwa. Aliyeupokea ulipoanguka alikuwa mtoto wa amu mwenyewe, akajichana kiganja kwa msumari, shati lake jeupe likaingia damu na rangi.

Kisha tukauinua mlango wa babu. Milango yetu ya zamani haina bawaba; ubao una ncha juu na chini, nazo huzunguka katika matundu ya mbao ya mlangoni. Niliogopa matundu yamezibika au ncha zimelika kwa miaka yote ile ya kuwa kitanda na meza. Mama jirani aliyachokoa kwa kisu, mchanga ukamwagika. Ncha ya chini iliingia. Ya juu ilikataa, shangazi akatuambia tuinue kidogo upande wake, jinsi baba yake alivyokuwa akifanya, ikaingia. Aliusukuma kwa kidole. Ulizunguka ukilalamika, ukafunga. Kwa ndani kulikuwa na mahali pa komeo, na komeo alikuwa nalo, kwenye kanga, tangu Kismayo.

Wafafanuzi walitaka kurudi kabla maji hayajapungua. Mtoto wa amu alikuja kumwita.

"Twende, shangazi."

"Nendeni."

"Na kura? Kituo chako kiko Kismayo. Huku huwezi kupiga."

"Najua."

"Basi utaikosa."

"Nikiwa kule napiga kura," alisema, "huku nani atakuwa nyuma ya mlango?"

Mtoto wa amu alimtazama, nami nikadhani atamjibu, lakini alivua viatu, akaingia ndani akamsaidia mama jirani kulivuta kuti la kwanza juu ya pembe moja ya ukuta. Kisha boti ikapiga honi, akatoka. Njia nzima nilimwona akiushika ufunguo mara kwa mara kule mfukoni.

Mimi nilipiga kura Kismayo. Msimamizi wa chumba alikuwa na fulana ya samaki ndani ya shati, ilionekana kolani. Mabadiliko yalipita. Redio ilitangaza matokeo mapema kuliko nilivyotarajia, nami nikajiuliza boti za visiwa vya mbali zilifika saa ngapi na masanduku yao, nikapiga simu mbili tatu, na hakuna aliyetaka kujibu swali hilo.

Timu ilipita Chula baadaye. Shangazi alinipigia kwa simu ya jirani. Walimkuta amekaa kizingitini anachambua mchele, makuti yamefunika chumba kimoja. Waliandika. Hakuona walichoandika, na mimi sikuweza kukipata kwa njia yoyote.

"Walikuwa na adabu," alisema. "Ila mmoja wao aliniuliza jambo."

"Nini?"

"Mbona mlango wako si wa buluu."

Nilichukua kalamu.

"Ukamjibu nini, shangazi?"

"Nikamwambia huu ulikuwa safarini, umerudi. Akawatazama wenzake." Nikasikia komeo likisukumwa, maana alikuwa akizungumza akiwa ndani. "Akauliza ule mwingine nimeupeleka wapi."

"Uko wapi?"

"Nimeulaza juu ya mawe, nikatia godoro. Naulalia. Kufuli lake bado limefungwa, lile la ufunguo wa ofisini. Mwenye ufunguo akija, nitamwonyesha kitanda."