Mkulima wa Tatu

Mama yangu hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Nilipewa jina la babu mzaa baba, na kwetu Bungoma mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga ananiita Kuka, yaani babu. Nilipokuwa shule ya msingi, siku ya wazazi, mwalimu alimwuliza amekuja kwa ajili ya mtoto yupi, naye akanyoosha kidole: yule pale, mwenye sweta iliyochanika kiwiko. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Naanza na hili ili ijulikane mapema kwamba nilikuwa najua. Kwa yale ninayoyaeleza hapa, sina kisingizio cha kutojua.

Kazi yangu haina jina la Kiswahili ambalo watu wa nyumbani wangekubali kuwa ni kazi. Nikiulizwa husema kwamba napanga jinsi mtu atakavyotumia programu ya simu: kitufe kikae wapi, swali lipi litangulie, neno gani litumike ili mtu asikwame. Jirani yetu mmoja aliwahi kuniuliza kama kweli nalipwa kwa kupanga maswali. Nilimjibu kwa maringo kwamba swali likipangwa vibaya, mtu anaweza kukosa haki yake. Maneno hayo niliyatoa chuoni na niliyapenda sana.

Miaka michache iliyopita niliajiriwa Kitale, katika kampuni ndogo ya kukausha mahindi. Kampuni ina mashine zinazovutwa na trekta kutoka kituo hadi kituo wakati wa mavuno, ili mahindi yakauke kabla hayajashika kuvu. Sisi wa programu tulikaa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la mbolea na mbegu. Tulikuwa watatu, na wa kwanza kati yetu kwa umri alikuwa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Kachibora, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka upande wa kati wa nchi. Sote tulimwita Madam. Hakujua kuchora skrini hata moja. Kazi yake ilikuwa kuvaa gambuti, kuchukua daftari, na kwenda kuuliza watu.

Madam aliuliza maswali ambayo mimi niliyaona ya kupoteza muda. Simu inakaa wapi mchana? Nani hushika simu wewe ukiwa shambani? Akirudi ofisini alitusomea majibu moja moja, pamoja na mambo ambayo watu hawakuyasema. Aliwahi kuniambia hivi: "Wewe kijana, mtu akikujibu, andika. Akinyamaza, andika mara mbili." Nilitabasamu, kisha nikarudi kwenye rangi za vitufe vyangu.

Kisha akili mnemba ikaingia. Sitajifanya nilikuwa na msimamo wa maana juu yake. Niliogopa. Wenzangu tuliosoma nao chuo walianza kuandika kwenye kundi letu la simu kwamba wamesimamishwa kazi, maana mashine sasa inachora skrini kumi wakati wewe bado unanoa penseli. Mwenzetu wa tatu pale ofisini aliondoka hivyo hivyo, na kazi yake tukaipa mashine. Mimi nikaamua kwamba dawa ni kuwa mtu wa mashine. Nikajifunza kuiamuru, nikawa hodari, na meneja akaanza kuniita mbele ya wageni niwaonyeshe.

Mwaka uliofuata meneja alitaka tutengeneze huduma ya sauti. Mkulima apige simu, sauti ya mashine impokee kwa Kiswahili safi, imwulize maswali machache, impangie siku ya kukaushiwa mahindi. Tungeanzia Bungoma, ambako watu huvuna mapema na mvua huwakuta na mahindi mabichi. Kabla ya hapo ilibidi wakulima ishirini wahojiwe. Madam alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu ya mguu, kwa hiyo nikatumwa mimi. Nilipewa siku kumi za kuzunguka, kuanzia Lugulu, ambako kwetu si mbali na hospitali ya misheni.

Sikwenda. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara za ndani ni tope, na nilijiona mtu mkubwa wa kutosha kutofuata wakulima kwenye mitaro. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeshasahau jinsi ya kuinama. Niliagiza chai na mandazi mawili, nikaiambia akili mnemba ijifanye wakulima ishirini wa Bungoma, mmoja baada ya mwingine, nami nikaihoji. Kufikia jioni nilikuwa na mahojiano ishirini, yamepangwa vizuri kuliko daftari lolote la Madam.

Mkulima wa tatu alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye ekari mbili karibu na Lugulu, kwenye shamba ambalo bado liko kwa jina la baba mkwe wake aliyefariki. Nilisoma hayo nikasema moyoni, mashine hii ni kali, imempata mtu wa kweli kabisa. Mama yangu ni mjane. Ana ekari mbili karibu na Lugulu. Shamba liko kwa jina la babu, kwa sababu tangu baba afariki hakuna aliyewahi kwenda kulibadilisha. Nilipomwuliza mkulima wa tatu jina la mwenye shamba, alilitaja mara moja, jina zima, la kwanza hadi la mwisho. Nikaandika kwamba swali hili halina shida, nikaendelea na mkulima wa nne.

Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Si kwamba mashine ilidanganya, kwani mimi ndiye niliyeiambia ibuni. Ni kwamba ilimweka mama yangu mbele yangu, ikamfanya aseme neno ambalo hajalisema maisha yake yote, na sikushtuka.

Ripoti niliipa kichwa kinachosema tumewahoji wakulima ishirini. Baadaye, kwa kutafuta sifa tu, nilimnong'oneza meneja jinsi nilivyoifanya. Hakukasirika. Alicheka, akanipiga bega, akauliza basi tunamtuma Madam mashambani kwa ajili gani. Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nilikohoa kidogo, nikasema kila zama na kitabu chake. Mwezi uliofuata Madam aliachishwa kazi, akakabidhi gambuti za kampuni na madaftari yake saba. Alinishika mkono, akaniambia huduma ikianza nisiache kusikiliza simu zinazokatika, maana hapo ndipo watu walipo. Alidhani bado mimi ni mwanafunzi wake.

Huduma ilianza na mavuno ya Bungoma. Niliwapigia watu wote wa nyumbani kuwaeleza, na nikamwambia mama apige, atapangiwa siku, mashine itafika kituoni karibu na soko. Alifurahi. Nilisikia baadaye kwamba aliwatangazia akina mama wa kanisani kwamba ile sauti ya kwenye simu ni kazi ya kijana wake. Baada ya wiki moja nilimpigia, nikamwuliza habari za mahindi. Akasema yanangoja mashine yetu. Wiki ya pili nikamwuliza tena, akajibu vilevile, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Sikuuliza amepangiwa lini. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri.

Katika kikao cha kazi meneja aligundua jambo. Wanaume walikuwa wanapata siku zao vizuri, lakini simu za wanawake nyingi zilikuwa zinakatika kabla ya kufika mwisho. Nikaipa akili mnemba kazi ya kutueleza sababu. Ikajibu kwamba wakulima wa kike wana uelewa mdogo wa teknolojia, wafundishwe. Niliyaweka maneno hayo ukutani kwa herufi kubwa, nikayasoma mbele ya watu, mimi niliyelelewa na mwanamke aliyeuza mayai ili nipate kompyuta ya kwanza.

Sijui ni nini hasa kilichonirudisha kwa maneno ya Madam. Labda aibu ilikuwa imeanza kuniwasha kabla sijajua inatoka wapi. Jumamosi asubuhi nilienda ofisini peke yangu, nikafungua simu zilizokatika. Mfumo wetu huhifadhi kila simu. Ya kwanza, mwanamke alijibu maswali yote vizuri, kijiji, magunia, kituo, mpaka pale sauti ilipomwuliza jina la mwenye shamba. Akanyamaza. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, mwanamke alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa jambo la utovu wa adabu, akakata mwenyewe. Kufikia ya nne nilikuwa nimeshaelewa. Kama kungekuwa na mtu chumbani ningetoka nje.

Ya sita ilikuwa ya mama.

Niliijua kwa sauti za kuku wetu kabla hata hajaongea. Kisha mvua juu ya mabati ya jikoni kwetu. Sauti ya mashine ikamwomba, kwa upole wote niliouandika mimi, ataje jina kamili la mwenye shamba.

"Shamba ni ya hapa kwetu," mama akasema. "Ni ya mzee."

Mashine ikasema samahani, haijaelewa, ikarudia swali.

"Mzee alishakufa. Mimi niliolewa na kijana yake."

Samahani, sijaelewa, ikasema tena. Mama akavuta pumzi. Alidhani anaongea na mtu, mwanamke mwenzake, labda msichana wa ofisini ambaye hakufunzwa vizuri, na akaamua kumsaidia.

"Sasa sikiza, mama. Hiyo jina mimi siwezi sema. Lakini kijana yangu ndiye ako nayo, na anafanya kazi hapo kwenu Kitale. Si mumuulize yeye."

Mashine ikamshukuru kwa kupiga simu.

"Haya, asante sana," mama akasema, na simu ikakatika.

Tarehe ya simu hiyo ilikuwa siku kumi na saba nyuma. Kwa siku hizo zote alikuwa akingoja, akiamini kwamba nimeulizwa na nimejibu.

Kurekebisha swali kulinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ilitosha kuandikisha namba ya simu na kijiji, jina la mwenye shamba likaweza kurukwa. Jumatatu nilimwambia meneja kwamba nimepata kosa kwa kupitia simu zilizokatika, naye akawaandikia wakubwa kwamba akili mnemba imetusaidia kugundua jambo muhimu kuhusu utamaduni wa wateja. Sikumsahihisha. Namba ya Madam ninayo. Nasikia anapanda viazi kwao Kachibora. Kila wiki najiambia nitampigia, na kila wiki napata shughuli.

Watu wananiuliza kama akili mnemba itamaliza kazi yetu. Vijana kutoka vyuoni huniuliza kwa hofu ileile niliyokuwa nayo. Siwezi kuwajibu kwa ujasiri. Ninachojua ni kwamba kuchora vitufe mashine inaweza, na kupanga maneno inaweza. Kitu kimoja kilikuwa kimebaki kwetu, nacho ni kwenda kwa mtu na kumwuliza. Hakuna aliyeninyang'anya. Nilikitoa kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ya tope.

Jumanne nilienda nyumbani. Nilimkuta mama uani, ametandaza mahindi juu ya turubai, akitenga mazuri na mabaya. Mabaya yalikuwa mengi. Yalikuwa yamegeuka kijani kwenye kiini, na harufu yake nilianza kuisikia langoni. Hayo hata kuku hawapewi, kwa sababu ya sumu. Alikuwa ameshachimba shimo nyuma ya choo, na gunia la kwanza lilikuwa tayari ndani. Hicho kilikuwa chakula chake cha mwaka.

Nilivua viatu, nikapiga magoti upande wa pili wa turubai, nikaanza kutenga pamoja naye. Aliniuliza habari za Kitale, za kazi, kama nimekula. Nikasema nimekula. Punje zikawa zinaanguka kwenye mabeseni yetu mawili.

"Kuka," akasema mwishowe, bila kuinua macho. "Wale watu walikuuliza?"

Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema ndiyo, na angenisamehe kwa kusahau. Nilimweleza yote, kadiri nilivyoweza: kwamba hakuna mtu kwenye ile simu, kwamba swali nililiweka mimi, kwamba nilitumwa kuja hapa hapa kuuliza akina mama kabla ya kuliweka, na sikuja.

"Nilitakiwa kukuuliza wewe, mama," nikasema. "Sikukuuliza."

Akachukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaitupa upande wa mabaya.

"Na ungeniuliza, ningekwambia nini?" akasema. "Si wewe ulikuwa unajua."

Kisha akanisogezea beseni jingine, kwa sababu langu lilikuwa limejaa.