Kwenda Ilagala na Kurudi

Baiskeli niliyoingia nayo mbioni haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeniazima niwe nafuata mawese Ilagala na kuyauza Ujiji. Haikupita wiki bila kunikumbusha ni ya nani. Mwishowe akasema anaitaka. Bila baiskeli sina biashara, kwa hiyo niliposikia kwamba mwanamke wa kwanza kwenye mbio za Ilagala atapewa baiskeli mpya, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Shemeji akakubali kungoja mpaka mbio ziishe.

Asubuhi tulikusanyika Kigoma mjini. Mgeni mmoja mwenye baiskeli nyepesi akaitazama kanga niliyojifunga juu ya suruali.

"Mama, unashiriki au unakwenda sokoni?"

"Vyote viwili," nikamjibu. "Nikirudi nitapitia sokoni."

Changarawe ya njia ile naijua. Nimezoea kuipita na madumu ya mawese nyuma, na siku hiyo sikuwa na mzigo. Baiskeli ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Wageni waliteleza kwenye kona, mimi nikapita. Wanaume wengi walikuwa mbele, lakini kati ya wanawake nilikuwa wa kwanza kugeuza Ilagala. Nyuma yangu, mbali kidogo, alikuwapo mmoja tu wa kuniogopesha: dada wa familia ya Kirundi iliyohamia huku siku nyingi, mwenye fulana nyekundu na miguu mirefu.

Ziwa likiwa mkono wa kushoto, nikaanza kuiona ile baiskeli kama imeshafika uani kwangu. Ndipo nikayakuta mazishi. Msalaba mbele, jeneza mabegani, watu wamejaa barabara nzima, wakienda upande ule ule ninaokwenda mimi.

Kwetu maiti hapitwi mtu akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unasindikiza kwa miguu mpaka wageukie makaburini. Nilishuka bila kufikiri. Kufikiri kulikuja baadaye, nikaumia, na Mungu anisamehe, nikawaombea wabebaji wakaze mwendo.

Msimamizi wa mbio akaja na pikipiki.

"Mama, panda! Pita pembeni, unachelewa!"

"Pita wewe," nikamwambia. "Siku ukifa, na wewe utapitwa pembeni."

Akazima injini, akaanza kuisukuma.

Punde yule dada akafika. Naye akashuka, akaja kando yangu. Tukapeana pole, tukasukuma baiskeli bega kwa bega, yeye akiitikia wimbo wa waombolezaji. Nilimchukia mtoto wa watu ambaye hakunikosea chochote. Mwanya wangu wote ulikuwa umekwisha, na tukianza pamoja, miguu ile ningeiweza wapi?

Mazishi yakaingia kwenye njia ya michikichi. Barabara ikabaki nyeupe mbele yetu. Nikashika usukani, nikamtazama. Hakupanda.

"Genda, dada," akasema. "Wewe ulikuwa imbere."

"Na wewe?"

"Nitakuja. Tangulia kwanza, uniache nyuma kama ulivyokuwa umeniacha."

Nikakanyaga. Nilipogeuka nyuma, fulana nyekundu ilikuwa bado imesimama, mikono kwenye usukani. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa pindo la kanga bila kupunguza mwendo. Kupunguza kungekuwa kumtukana.

Nilipofika umbali alioutaka, alikuja, na alikuja kweli. Tulipofika Buzebazeba, mjini kukiwa karibu, niliusikia mnyororo wake mgongoni. Nilimaliza mbele yake kwa urefu wa mtumbwi tu, tukakumbatiana, jasho kwa jasho.

"Mwakani nakupita," akasema.

"Njoo," nikamwambia, na nilitaka aje.

Shemeji aliichukua baiskeli yake pale pale, hata pumzi sijazivuta. Nikamshukuru kwa dhati, maana wakati wa dhiki alinifaa.

Fundi aliyekuwa akiikaza ile mpya akaniuliza kiti akiweke kimo gani. Nikakitazama kile kiti. Miaka yote nilipanda kwa kimo cha shemeji, ambaye hakutaka kiti chake kiguswe, vidole vyangu vya miguu vikiitafuta pedali kila inaposhuka.

"Shusha," nikamwambia fundi.

Akashusha, nikapanda, nikajaribu.

"Shusha tena."

Akashusha tena, mpaka nyayo zangu zote mbili zikagusa chini.