Siku Niliyokataa Anwani ya Kupanga

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati aibu itanirudia nishindwe kuendelea. Mimi ni mtu wa kushuku, nakubali, hata salamu naipima kwanza, na hapa Kolwezi nimeshatolewa nyumba na bailleur (mwenye nyumba, kwetu tunamwita hivyo) zaidi ya mara moja, mizigo nje, bail (mkataba wa kupanga) imekwisha, kwaheri.

Basi nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika ofisi ya malori ya Hadji, siku ya mwisho, jioni ataamua kama nabaki au naenda. Akanipa kompyuta mpya ya Linux niiunge kwenye mtandao. Ikauliza: anwani iwe automatique, ijipatie yenyewe, au manuelle, niiandike kwa mkono? Nikachagua automatique, ikakubali, na ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima, ila nikachungulia maelezo nikakuta neno bail. Bail! Yaani hata anwani ya kompyuta ni ya kupanga, ina mwisho wake, na kuna mtu simwoni atakayenitoa? Nikamtupia jicho Mama Ngoie wa karatasi za mpakani, maana kisanduku cha mtandao kilikuwa juu ya meza yake. Nikageuza manuelle, nikajiandikia anwani yangu mwenyewe, tena ile inayoishia na moja, kama mtu anayejichagulia kiwanja cha kona.

Mtandao ukafa. Si wangu tu, wa ofisi nzima, na madereva wamejaa barazani, wanasubiri karatasi zao, wanapiga kelele. Nikasimama katikati (sijui nani alinituma).

"Mama Ngoie, juu ya nini unatukatia réseau?"

"Mi? Sikugusa ata kintu!"

"Kila mutu azime machine yake, moja moja, tutamuona mulozi!"

Wakazima. Simu za madereva, zilizoungwa kwenye mtandao huo huo, bado hazipati kitu. Nikazidi kumkazia macho Mama Ngoie, mpaka akaninyooshea kidole.

"Na yako, tata?"

"Yangu ni ya kuchunguzia."

Hadji akainama akaizima mwenyewe. Pale pale simu zikaanza kulia, baraza zima likashangilia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe ile moja ni anwani ya kisanduku chenyewe, ambamo wote wanapitia kwenda nje. Nilikuwa nimejimilikisha mlango wa nyumba nzima.

Nilimwomba Mama Ngoie msamaha mbele ya madereva wale wale, na kazi Hadji alinipa (nadhani alicheka mno akashindwa kunifukuza). Tangu siku hiyo mimi ni automatique, na maelezo siyachungulii tena. Lakini mtandao ukisuasua kidogo tu, hata umeme ukikatika mtaa mzima, ofisi yote inageuka kunitazama, nami naapa kwamba sikugusa kitu, na hakuna hata mmoja anayeniamini.