Majivu Juu ya Konokono Wachanga

Mwanamke mzima na akili zake anafuga konokono! Ndivyo walivyomsema Ernesta huku milimani Same, na aliyemsema zaidi ni mama mkwe wake, Redempta, ambaye alitema mate kila akipita kwenye kitalu chao. Ati kuna watu mjini wanawala. Na wawale huko huko!

Ernesta maneno hakuyajali. Aliwajali wale wachanga, walioanguliwa juzijuzi, magamba bado laini kama ganda la kitunguu. Kizazi cha kwanza kililiwa na kuku, cha pili kilikaushwa na jua la Januari. Mumewe Wilbard alishatamka: wakifa na hawa, pale kitaluni chini ya migomba anapanda tangawizi, habari imekwisha.

Siku hiyo alikwenda kuwachumia majani ya mpapai. Kurudi, akakuta msururu wa siafu umekatiza njia kuelekea kitaluni. Akatupa majani, akatoka mbio.

Siafu walikuwa wamekwama. Redempta alisimama na ndoo tupu, anahema, miguu imeng'atwa yote. Huku kila mama anajua dawa ya siafu ni majivu ya jikoni. Ila yeye, kwa huruma iliyomjia ghafla, hakuishia kuyazungushia kitalu. Aliwamwagia na konokono wenyewe.

"Nimewafunika," akasema kwa fahari. "Hawagusi hata mmoja."

Masikini! Wachanga walikuwa wanatoa povu, wanajikunja. Ernesta alitaka kupiga yowe, akalimeza. Akimwaga maji, majivu yataondoka na siafu watapita. Akiwaacha, watakauka.

"Mama, majivu yanawaua."

Redempta hakuuliza mara mbili. Alipiga magoti, Ernesta naye, wakawazoa kwa viganja, wakawasuuza mferejini na kuwalaza kwenye jani bichi la mgomba. Siafu waliwatafuna wote wawili na hakuna aliyejikuna.

Wengi hawakuamka. Jioni Wilbard alikuja na jembe, akawatazama wachache waliokuwa wakitambaa, akasema basi, kesho ni tangawizi. Ernesta alifungua mdomo, kilio kikamtangulia.

Redempta akasimama, mikono imevimba.

"Hawa hawakufa, Wilbard. Wameuawa, na muuaji ni mama yako. Kesi hii ni yangu, si ya mkeo. Ukitaka kulima pale, nianze kuondoka mimi."

Wilbard akaliegemeza jembe ukutani, akauliza hao waliobaki wanakula nini.