Siku Mjomba Aliposema Sugu

Mwaka sabini na moja, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki kule Chiola na shida ikahamia kwetu. Sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba, basi mama akanipeleka kwa kaka yake, kijijini Nkowe. Mjomba alikuwa na watoto wake tele. Akasema nikae mpaka mvua ziishe, ndipo ataamua. Akinikataa, sikuwa na pengine pa kwenda.

Shule nilikuwa nimeishia darasa la pili. Nyumbani ni Kimwera tu, na neno "sugu" nililisikia mdomoni mwa mwalimu peke yake, kila akinichapa nikakataa kulia: "Wewe mtoto sugu." Darasa zima linacheka. Nikaweka kichwani kwamba hilo ni tusi.

Tulilima, ndugu zangu. Si hawa wa leo, akishika jembe kidogo tu anatafuta mtandao. Alfajiri umande unauma miguu, mpini unatoa malengelenge, yanapasuka, unapaka majivu, unaendelea. Jioni ugali wa muhogo na mbaazi, kisha kujificha na kutafutana, kombolela, mpaka tuitwe. Viganja vikawa kama gome la mkorosho, wala sikutambua.

Mvua zilipokwisha mjomba akaniita barazani. Akashika mkono wangu, akaupapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anayechagua mbegu. Akamwambia mkewe kwa Kiswahili, "Mama Somoe, hebu gusa hapa. Sugu hii."

Sikungoja zaidi. Nikaingia ndani, nikafunga shati langu na kikombe, nikashika njia ya Chiola. Mama Somoe alinikimbilia, akanikuta kwenye migomba, akacheka hadi akakaa chini.

"Unakwenda wapi, baba? Anasema ngozi ya mkono wako imekomaa kwa jembe. Anakusifu. Rudi ule, shamba lako umeshakatiwa."

Mwanaume yule hakuniuliza akili wala adabu. Alinishika mkono, yakaisha. Siku hizi vijana wanasalimiana kwa kugonganisha ngumi. Utamjuaje mtu hujashika kiganja chake? Mjukuu wangu mkono laini kama andazi, sugu yake iko kwenye gumba la kubonyezea simu.

Leo nina mikorosho Nkowe na Malolo, nyumba ya tofali za kuchoma, mashine ya kusaga, pikipiki moja, na kaburi la mjomba, ambalo sijawahi kumwachia mtu mwingine alifyeke.