Siku Niliyofasiri Mpira Badala ya Sista

Nikiwaambia kwamba nimewahi kulazwa kwenye benchi na mama muuza mafuta, mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya mia, huku mkononi nimeshika kipaza sauti, mtacheka, na mna haki ya kucheka, ila naomba mngoje nimalize kwanza ili mcheke kwa mpangilio. Aibu yenyewe nimeshaizoea. Koboko sipiti bila mtu kunishika sikio.

Mimi ni Candia, wa Arua, Uganda. Kazi yangu ni kufasiri kwenye mikutano, maana baba yangu alikuwa askari na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa kinatuamsha asubuhi na kutuchapa jioni, kwa hiyo wakubwa wakitoka Arua kwenda kuzungumza na watu Koboko, ambako sokoni utakuta Mkakwa, Mlugbara, Mkongo na mtu wa Sudan Kusini wote wanagombea bei ya kitunguu kimoja, wananiita mimi. Watu huniita Mwalimu. (Niliwahi kufundisha muhula mmoja tu, lakini jina likakataa kuondoka.)

Siku hiyo aliyeniita ni Sista Driciru, muuguzi ambaye siku hizi ni mshauri wa watu waliozidiwa na kamari. Ndiyo, mmesikia vizuri. Tulikuwa tunakwenda Koboko kuwafundisha watu namna ya kubeti kwa kiasi, na mahali pa kupata msaada kama kiasi kimekushinda. Na mimi, mkalimani wake, mfukoni mwa shati nilikuwa na tiketi ya mechi nane.

Saba zilikuwa zimeshaingia. Saba! Mtu ambaye hajawahi kuwa na saba zimeingia hawezi kunielewa, yaani hata hatua zako zinabadilika, unatembea kama mtu ambaye ana shamba. Imebaki moja, timu ya Uingereza (siitaji jina, haijanikosea kitu) ambayo hata ikitoka sare nalipwa, na mechi yenyewe inaanza saa ileile ya mkutano. Nikajiambia, Candia, wewe una masikio mawili, na Sista ana mdomo mmoja. Sikio la kulia limsikilize Sista, la kushoto lisikilize redio. Basi uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo kama punje ya simsim, yaani ufuta.

Nina simu ya tochi, ile ndogo ambayo redio yake ukiifungulia sauti wanasikia mpaka ng'ambo ya Congo. Nikachomeka waya, nikaupitisha ndani ya shati mpaka sikioni, na juu yake nikajaza pamba. Sista akaniona.

"Mwalimu, sikio limefanya nini?"

"Linauma kidogo, Sista. Nimeweka pamba upepo usiingie."

"Pole sana. Tungemtafuta mtu mwingine."

"Hapana, hapana! Kazi ni kazi." (Nilisema hivyo na uso wa shujaa. Mungu ananiona.)

Turubai lilikuwa limefungwa nyuma ya soko na watu walijaa, waendesha boda, wafanyabiashara, kina mama, na mbele kabisa, kwenye kiti chake alichokuja nacho kutoka nyumbani, Afande Lemi, askari mstaafu ambaye Koboko nzima humwachia kazi ya kunyamazisha watu. Kipindi chote cha kwanza cha mechi nilifasiri vizuri mpaka nikajipenda. Sista akisema kwa Kilugbara, kabla hujacheza, amua ni kiasi gani unaweza kukipoteza na watoto wakala, kikiisha nyanyuka uende nyumbani, mimi naweka Kiswahili safi, watu wanatikisa vichwa kukubali. Sista akisema kamari si kazi wala si mshahara, ni mchezo kama michezo mingine, naweka, wanatikisa.

Halafu, kipindi cha pili, mechi ikachemka.

Sista akasema, ukiona hasira imekupanda, usicheze siku hiyo. Nami nikafungua mdomo: "Sista anasema, ukiona hasira imekupanda..." na palepale kwenye sikio la kushoto mshambuliaji wetu amebaki na kipa peke yake, nikasikia mdomo wangu unasema, "piga! Piga sasa! Unangoja nini?"

Mwendesha boda mmoja akainua mkono taratibu. "Mwalimu, sasa mimi napiga nani?"

Nikakohoa, nikarekebisha, nikasema ni mfano. Mfano wa nini, hata mimi sijui.

Sista akaendelea, na hili ndilo lilikuwa kiini cha somo lake lote, kwamba ukipoteza, usirudi kutafuta ulichopoteza, maana hapo ndipo watu wanapozama. Wakati huo wapinzani walikuwa wamevunja ukuta wetu na wanakuja watatu kwa mmoja, na mimi nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili: "Ukipoteza, rudi nyuma! Rudini nyuma! Wote rudini nyuma!"

Watu wa Koboko wana adabu. Mistari miwili ya mbele ikanyanyua viti ikarudi nyuma. Afande Lemi naye akanyanyua kiti chake, akarudi hatua tatu za kijeshi, akaketi. Sista, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, akadhani hawamsikii, akasogea mbele. Nami ndio kwanza napiga kelele "bado, bado, rudini!" Wakarudi tena. Sista akasogea tena. Mkutano ule ulihama kutoka chini ya turubai mpaka juani kabisa, mhubiri anawafuata wasikilizaji kama mama anayefukuza kuku, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini.

Kisha, dakika za mwishomwisho, wakatufunga. Nikapiga yowe moja, "Uwii!", nikajishika sikio la kushoto kwa mkono mmoja.

"Ni sikio," Sista akawaeleza kwa Kiswahili chake, uso umejaa huruma. "Mwalimu iko mgonjwa. Sikio iko nauma yeye sana."

Hapo wote wakaelewa. Kumbe maskini ni maumivu! Ndiyo maana anasema ovyo! Nikaona huruma imetembea mstari kwa mstari, na jamani, huruma ya watu wengi ni kitu cha kutisha, kwa sababu haikai tu, inataka kufanya kitu. Afande Lemi akasimama.

"Nani iko na mafuta ya simsim?"

"Mimi iko nayo," akajibu Mama Zaituni, mama mnene mwenye meza ya mafuta palepale sokoni. "Ngoja napasha kidogo kwa moto."

"Afande, hapana, limeshapoa," nikasema. "Limepona kabisa, tazama."

"Wewe nyamaza. Sikio hapana kitu ya kuchezea. Mimi iliona askari moja, ilianza namna hii, sasa hata bomu hapana sikia. Nyinyi wawili, kamata yeye!"

Waendesha boda wawili wakanikamata. Wakanilaza kwenye benchi, kichwa changu kikawekwa mapajani mwa Mama Zaituni, sikio la kushoto juu, kipaza sauti bado nimekishikilia kifuani (kwa nini sikukiacha, mniulize mimi nimuulize nani), na mafuta ya uvuguvugu yakaanza kushuka. Pamba ikanywa. Ndani ya mafuta yale bado namsikia mtangazaji kwa mbali, kama mtu anayetangazia chini ya mto, na nitawaambia ukweli wa aibu yangu yote: nilikuwa bado nasikiliza.

Mama Zaituni akavuta pamba. Pamba ikatoka. Nyuma ya pamba kikatoka kitu cheusi kinachong'aa mafuta, na nyuma ya kile kitu cheusi, kitu kirefu, chembamba, kinazidi kuja, kinazidi kuja.

"Nyoka!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mutu iko na nyoka kwa sikio!"

Sijawahi kuona watu wanatawanyika vile. Viti vikaruka, mwendesha boda mmoja akapanda juu ya meza ya vitunguu, Mama Zaituni akanisukuma kutoka mapajani nikaanguka chali, lakini mkono wake ulikuwa umeshika waya, na kwa woga akaurusha kwa nguvu zote, na ule waya ukachomoka kwenye simu.

Simu ilikuwa mfukoni mwa shati. Kipaza sauti kilikuwa juu ya mfuko wa shati. Soko lote la Koboko likasikia: "PENATI! Dakika ya themanini na nane, mwamuzi anasema ni penati!"

Waliokuwa wanakimbia wakasimama. Nikiwa chini vumbini, nikasubiri matusi. Matusi hayakuja. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Penati ya nani?" Mwingine akatoa tiketi mfukoni, akaikunjua. Pembeni yake mwingine akatoa yake. Aliyepanda meza ya vitunguu akatoa mbili. Afande Lemi, mkono juu, akaamuru, "Kimya! Kwanza sikia penati!" na watu mia na zaidi, waliokuja kufundishwa kuhusu kamari, wakanyamaza kuliko walivyonyamaza mkutano mzima.

Mpigaji wetu akaipaisha juu.

Wengine wakaguna, wengine wakashangilia, na mimi nikafunika uso. Tiketi yangu ilikuwa imekufa. Nilipofungua macho niliona viatu vyeupe vya Sista Driciru karibu na kichwa changu. Akainama, akachukua kipaza sauti kifuani pangu, akazima redio, akageukia watu na Kiswahili chake cha nyanya.

"Nani iko na karatasi ya beti kwa mfuko? Inua mkono. Mimi hapana kasirika."

Mkono mmoja. Mitano. Kisha mikono ikawa mingi mpaka sikuweza kuihesabu, na mmojawapo ulikuwa wa Afande Lemi, nusu tu, usawa wa bega.

"Vizuri," akasema Sista. "Mkutano iko naanza sasa."

Akanitazama mimi. Sikuona hasira machoni pake, na ningependa ingekuwa hasira. "Mwalimu, mke wako anajua?"

Kipaza sauti mkononi mwake kilikuwa karibu nami na bado kinafanya kazi. Nikasema, "Hapana," na neno hilo likazunguka soko zima, na hakuna aliyecheka.

Sasa, Koboko na Arua si mbali, na video waliyonirekodi watu kwa simu zao ina haraka kuliko gari. Nilipofika soko la Arua jioni, jua bado lipo, mke wangu Ayikoru alikuwa kwenye kibanda chake cha vitenge, na majirani zake wote wanane walikuwa wamekumbuka ghafla kupanga bidhaa zao upande wetu.

"Sikio limepona?" akaniuliza.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota la vitenge, akajifuta machozi kwa kitenge cha kuuza, nami nikaanza kucheka naye, nikadhani nimeponea hapo. Ghafla akakirudisha kile kitenge mahali pake.

"Baba Leku, zile siku ulizokwenda kumzika mjomba huko Adumi. Ulikuwa wapi?"

Hapa inabidi nieleze. Mwaka ule nilikuwa nimemzika mjomba wangu wa Adumi mara tatu. (Ni wajomba watatu tofauti kwa maelezo yangu, lakini mjomba ni mmoja, na yuko hai, analima mihogo.) Kila mazishi yalinipa siku nzima kwenye nyumba ya kubeti. Nikamweleza hivyo Ayikoru.

"Nilimlilia yule mtu," Ayikoru akasema. "Nililia kweli, Candia. Nilikupa sukari na unga umpelekee mjane."

Wale waendesha boda, ile tiketi na mafuta ya Mama Zaituni, vyote havikuniuma kama hilo, kwamba mke wangu aliketi nyumbani akatoa machozi halali kwa kifo nilichokitunga ili nikatazame mbwa wa mashindano kwenye runinga ya nyumba ya kubeti wanavyokimbia.

Alitoa masharti mawili. La kwanza, niende Adumi nikamwombe mjomba msamaha. Nikaenda. Nikamkuta shambani, nikaeleza yote nimesimama, yeye anaendelea kupalilia, na nilipomaliza akaegemea jembe akafikiri sana.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mara ya kwanza presha, mjomba. Halafu... nyuki. Halafu presha tena."

"Watu walikuja wengi?"

"Wengi sana."

"Basi sawa," akasema, na nikamwona ameridhika kidogo. Akanipa jembe la pili, nikalima mpaka jioni.

La pili lilikuwa kwenda kwa Sista Driciru, na Ayikoru alinipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Kuna chumba nyuma ya zahanati ambako tunakaa kila Alhamisi mchana, watu tisa au kumi, mmoja ni mwalimu wa kweli. Nilimuuliza Sista, je, nisiwe nacheza kidogo tu, kwa kiasi, kama ulivyofundisha Koboko? Akaniambia lile somo ni la mtu ambaye akiamua kuacha saa kumi, saa kumi anaacha. "Wewe ulilazwa ukamwagiwa mafuta na bado ulikuwa unasikiliza." Siku hiyohiyo alinisaidia kuandika barua ya kuomba akaunti yangu ya kubeti ifungwe, na simu yangu nyingine, ile yenye mtandao, ikabaki kwa Ayikoru. Mwezi wa kwanza niliteleza mara moja, huko Inde, siku ya soko, na nikarudi nikasema mwenyewe kabla sijaulizwa, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa jipya kama kujifunza kutembea kwa mikono.

Basi nimeapa, sibeti tena, hata kama ni kubashiri mvua. Lakini najijua, na kiapo changu peke yake sikiamini, kwa hiyo nawaombeni jambo moja. Mkiniona nimesimama mlangoni mwa nyumba ya kubeti, nasoma ratiba ukutani kwa uso wa mtu anayesoma matangazo ya kazi, msinipite kwa heshima. Niiteni kwa jina, kwa sauti kubwa, hata kama nimefuatana na wakwe zangu. Nitaona haya, nitakasirika, pengine nitawatukana. Lakini nitageuka.