Gitaa la Bati

Kwa kuponda bidhaa ili bei ishuke, Abednego wa Mbeya hakuwa na mpinzani kati ya wafanyabiashara wa Afrika waliofuata bidhaa Guangzhou, China. Mikoba ya ngozi ya soko la Shiling aliiita makaratasi, na wenye maduka walimpunguzia ili aondoke zake.

Asubuhi moja, akitafuta spika za kanisa lao, aliona katika duka moja gitaa lenye tumbo la bati, moyo ukamruka. Tangu ujana alipenda roki, na kwa kuipenda akazifikia nyimbo za waliowafundisha wanaroki: wazee weusi wa mashamba ya pamba ya Mississippi, waliotelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama mtu.

"Roki imetoka kwa hawa," alisema Mama Chen, mwenye duka, akionyesha picha ya mzee mmoja ukutani.

Mdomo wa Abednego ukaenda kibiashara. "Walevi tu wale! Kelele za vibarua. Bati hili nani atalitaka?"

Mama Chen akapunguza bei. Abednego akalipa upesi, akalipakata gitaa ili alijaribu. Vidole vikamsaliti. Akaokota kichupa cha dawa mezani, akakitelezesha, na wimbo wa wazee wale ukatoka wote, haukukosewa hata mahali pamoja.

Alipoinua uso, Mama Chen alikuwa akimtazama.

"Kumbe unawajua."

Abednego akafungua pochi aongeze hela, lakini Mama Chen akausukuma mkono wake taratibu.

"Rudisha hela zako mfukoni. Wa kumwomba radhi si mimi."

Abednego akatoka na gitaa lake, bila kuthubutu kuitazama ile picha.